Je, Uongo wa Kurithi Una Mwenyewe?



Jumapili moja ya mwezi wa Julai, baada ya ibada, wazee tulikuwa tumesimama nje ya kanisa tukiota jua, maana kila akaaye Iringa aijua baridi ya mwezi huo. Akaja kijana mmoja wa mtaa wetu na gari lake, Toyota Mark II ya zamani, ile ambayo watu huiita kwa namba yake ya kiwandani, GX100. Alilinunua likiwa limechoka, na kwa muda wa miaka miwili alikuwa akilifufua kidogo kidogo, mwezi huu bushi, mwezi ujao shokapu, kila alipouza viazi vyake. Siku ile lilikuwa linang'aa. Mzee mmoja akatikisa kichwa, akasema, "Mwanangu, fedha yote hiyo kwa gari kuukuu! Huoni kwamba hiyo ni anasa?" Kijana hakukasirika. Akanigeukia mimi, kwa kuwa zamani nilimfundisha darasa la nne, akasema, "Shikamoo Mwalimu. Hebu niambie wewe. Je, ni dhambi kulipenda gari la zamani?"

Nilimjibu upesi upesi kwamba si dhambi, mradi asiliabudu. Watu wakacheka, tukaagana. Lakini nilipofika nyumbani jibu langu halikunipendeza. Lilikuwa jibu la kumaliza mazungumzo tu. Tena mimi mwenyewe niliwahi kuwa na gari kama lile, na habari yake sijapata kuisimulia mbele ya watu. Naona sasa yafaa niisimulie, kwa sababu ndani yake mna swali zito kuliko lile la anasa.

Kwanza tukumbuke magari haya yalifikaje kwetu. Wenye umri wangu hawajasahau miaka ya taabu ya petroli, wakati ambapo mtu wa kawaida kuagiza gari lake kutoka ng'ambo ilikuwa ni ndoto. Mwaka 1984 Serikali ilianza kuwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuleta bidhaa kutoka nje, na katika miaka ya tisini magari yaliyotumika Japani yakaanza kuingia kwa wingi. Sababu zake ni nyepesi kueleza. Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi, kwa hiyo usukani wao hautupi shida. Na kwao gari jipya la mtu binafsi hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi huo una gharama. Hivyo wengi huona heri kuliuza gari lingali zima kuliko kulilipia tena na tena. Wenzetu wa Kenya hawaruhusu gari lililopita miaka minane kuingizwa nchini mwao. Sisi twaliruhusu, ila mwenye kulileta hutozwa zaidi kwa ajili ya uchakavu wake.

Ndivyo ilivyokuwa kwamba gari ambalo kule lilikuwa la meneja, lenye viti laini na injini ya silinda sita isiyosikika ikiunguruma, huku kwetu likapatikana kwa bei ambayo mwalimu au mfanyabiashara wa Mwanjelwa aliweza kuifikia kwa kujinyima. Mark II, Chaser na Cresta ni ndugu watatu wa tumbo moja. Crown ni kaka yao mkubwa, ambaye jina lake lilianza kutumika mwaka 1955.

Hapo pana jambo ambalo wengi hulisahau. Bei ya kununua hushuka mwaka hata mwaka, bali gharama ya kutunza haishuki pamoja nayo. Gari la tajiri likizeeka huuzwa kwa bei ya maskini, walakini huendelea kula chakula cha tajiri. Silinda sita zataka plagi sita. Gea boksi ya kujiendesha yataka oili yake maalumu, si oili yo yote iliyopo dukani. Na nchi yetu hii ya milima huongeza madai yake. Mji wa Mbeya uko kiasi cha meta 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, injini hupungukiwa nguvu, na maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kabla ya kufika 100. Kifuniko cha rejeta kikilegea, mwenye gari atajua akiwa njiani. Na anayetoka Iringa kwenda Dar es Salaam lazima ateremke Kitonga, kona baada ya kona, na hapo ndipo breki huulizwa maswali yao. Mafuta ya breki yaliyokaa miaka mingi hunyonya unyevu. Yakipata joto kali huchemka, na mguu hukanyaga pasipo kitu kushika.

Kwa hiyo nikirudi kwa yule mzee, nadhani hakukosea kuuliza, ila aliuliza mahali pasipo. Anasa haimo katika chuma chenyewe. Mtu aweza kuwa na gari dogo jipya likamla karo ya watoto wake, na mwingine akawa na Crown ya miaka ishirini akaitunza kwa jasho lake bila kumdhulumu mtu. La kuuliza ni kama mwenye gari aweza kulipa kile ambacho gari lamdai, hasa kile kisichoonekana. Nimeona mtu aliyenunua rimu mpya na vitambaa vya viti, na huku pedi za breki zimebaki unene wa karatasi. Rimu huonwa na majirani, lakini pedi huonwa na fundi peke yake, siku atakayofungua gurudumu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na wao walikuwa hawajaiona Kitonga.

Basi nimsifu yule kijana. Kukitunza kitu kilichotupwa na wengine, kukijua kilivyo, kukirudishia uzima wake kwa mikono na subira, ni kazi njema. Hata hivyo sikumwambia ya kwangu, nayo ni hii.

Mwaka 2007, nikifundisha Mbeya, nilinunua Mark II iliyotengenezwa mwaka 1997. Muuzaji alikuwa Dar es Salaam. Dashibodi ilionyesha kwamba limetembea kilometa 78,000. Kwa gari la miaka kumi niliona nimebarikiwa. Nililileta Mbeya kwa furaha nyingi, na wiki ile ile nikalipeleka kwa fundi mmoja kijana alikague. Akafungua boneti, akamulika kwa tochi, akaniita. "Mwalimu, njoo uone." Palikuwa na karatasi ndogo ya kunata, imeandikwa Kijapani, na katikati yake namba zilizoandikwa kwa kalamu. Namba hizo hata mimi niliweza kuzisoma: 15, halafu 9, na chini yake 102,480.

Yule kijana alikuwa ameshughulika na magari ya Kijapani kwa muda mrefu. Akanieleza kwamba mafundi wa kule wakibadilisha mkanda wa taimingi hubandika karatasi kama ile, wakaandika tarehe na kilometa, ili fundi ajaye apate kujua. Na Wajapani huhesabu miaka kwa enzi ya mfalme wao. Enzi ile ilianza mwaka 1989, kwa hiyo mwaka wa 15 ni mwaka 2003. Maana yake, mwezi wa Septemba mwaka 2003 gari langu lilikuwa limekwisha tembea kilometa 102,480. Na mwaka 2007 nikauziwa likiwa na 78,000. Gari halirudi nyuma kilometa elfu ishirini na nne kwa hiari yake.

Niliumia sana. Nikampigia muuzaji simu, akasema yeye naye alilipokea hivyo hivyo. Sikuwa na ushahidi wa kumpinga, wala nguvu ya kumfuata. Nikanyamaza, nikalitumia gari langu. Lilinitumikia vizuri miaka tisa, Mbeya na Iringa, mazishi na harusi, na siku moja kumpeleka mgonjwa hospitali usiku wa manane. Ule mkanda sikuubadilisha. Kila mwaka nilisema mwaka ujao.

Mwaka 2016 nilitaka kuliuza. Dashibodi sasa ilikuwa imefika 161,000. Dalali akaja, akalizunguka, akasema ni gari zuri, litapata mtu. Nikamweleza habari ya kilometa. Akaniangalia kama mtu amwangaliavyo mtoto. "Mzee, wewe ndiye uliyezirudisha?" Nikasema hapana. "Basi una kosa gani? Uliuziwa hivyo, uza hivyo. Ila kile kikaratasi cha ndani, kile si kizuri." Hakusema zaidi, wala mimi sikumwuliza. Lakini siku iliyofuata nililipeleka gari likaoshwe, nikamwambia kijana wa kuosha kwamba injini aisugue vizuri, isibaki na uchafu wo wote. Niliporudi ile karatasi haikuwapo. Sikuuliza ilikwenda wapi.

Mnunuzi alikuwa kijana mwalimu kutoka Mafinga, gari lake la kwanza. Alikuja peke yake, hakuleta fundi, kwa kuwa aliambiwa kwamba muuzaji ni mwalimu mstaafu na mtu wa kanisa. Akauliza, "Mzee, kilometa hizi ni za kweli?" Nikamjibu, "Ndivyo dashibodi inavyoonyesha." Tazameni jibu hilo, ndugu zangu. Hamna ndani yake neno hata moja la uongo, na lote zima ni uongo.

Miezi minne baadaye, usiku, simu ikalia. Ni yule kijana. Alikuwa kati ya Mafinga na Makambako, gari limezimika ghafla, fundi aliyepatikana amesema mkanda wa taimingi umekatika. Alikuwa anampeleka mama yake kliniki, na mama alikuwa ndani ya gari amejifunika kanga mbili na koti. Nilitazamia anilaumu. Hakunilaumu. Alinipigia kwa sababu aliniamini. Akasema, "Shikamoo Mzee. Samahani kukusumbua usiku. Wewe ndiwe unayelijua gari hili. Mimi nilihesabu kwamba mkanda hubadilishwa kila kilometa laki moja, kwa hiyo ulibadilishwa kwenye laki, na bado una safari ndefu. Nimekosea wapi?"

Alikuwa hajakosea mahali po pote. Hesabu yake ilikuwa sawa kabisa. Namba niliyompa ndiyo iliyokuwa ya uongo. Mkanda ule ulikuwa na miaka kumi na mitatu, na kilometa zisizopungua 83,000, labda zaidi sana, maana zile zilizotembea kati ya 2003 na 2007 hakuna azijuaye. Nikamwambia ukweli wote kwenye simu, pamoja na habari ya karatasi. Akanyamaza kwa muda mrefu hata nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Mwalimu, ungeniambia, ningelinunua tu. Ningekuomba upunguze kidogo, nikabadilishe mkanda."

Asubuhi nilipanda basi, nikalipia bredauni, mkanda mpya na pampu ya maji. Kwa bahati injini haikuharibika ndani. Mama yake alinisalimu vizuri, naye hakujua mimi ni nani katika habari ile. Nilirudi nyumbani, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiliwaza swali moja: ule uongo ulikuwa wa nani? Sikuuanzisha mimi. Niliurithi, kama mtu arithivyo nyumba yenye nyufa. Je, uongo wa kurithi una mwenyewe?

Nitaziweka mbele yenu hoja zote za kunitetea, maana nilizitumia zote, na nadhani hata leo zatumika katika kila uwanja wa magari kutoka Tunduma hadi Dar es Salaam.

Hoja ya kwanza yasema: si mimi niliyezirudisha kilometa. Hiyo ni kweli. Lakini fikirini habari ya shamba. Baba yangu alisogeza jiwe la mpaka usiku, akala hatua tatu za jirani. Baba akafa, nami nikalima pale kwa miaka mingi bila kujua. Hapo sina hatia. Siku moja mzee wa kijiji akanionyesha mahali jiwe lilipokuwa zamani. Tangu siku ile, kila nipitishapo jembe katika hatua zile tatu, ni kama nalisogeza jiwe upya kwa mikono yangu. Kosa la kale si langu, ila kuanzia siku nijuayo nami nikaendelea kula matunda yake, nimejitwalia. Vivyo hivyo namba ya dashibodi haikuwa uongo wangu mwaka 2007. Ilikuwa wangu nilipoitumia kupata bei.

Hoja ya pili yasema: kila mtu ajua kwamba kilometa za magari haya si za kuaminiwa, kwa hiyo hakuna anayedanganywa. Hoja hii ina sura ya busara, nami ilinituliza kwa muda. Lakini ikiwa kwa kweli hakuna anayeziamini, mbona watu hulipa fedha ili zirudishwe? Hakuna anunuaye kitu kisichofaa. Anayerudisha kilometa hutumaini kwamba huyu mmoja, mnunuzi wake huyu, ataamini. Uongo waishi kwa kuegemea imani ya mtu. Na tumtazame ni nani huyo anayeamini. Mwenye fedha na marafiki huja na fundi wake na mashine ya kupima. Anayeamini dashibodi ni mjane aliyepata kiinua mgongo cha marehemu, na mwalimu kijana, na yule ambaye hilo ni gari lake la kwanza. Basi kusema kwamba kila mtu ajua ni kusema kwamba wanaoumia ni wale tu wasiokuwa na mtu wa kuwaambia.

Hoja ya tatu yasema: ni juu ya mnunuzi kufumbua macho. Ni kweli kwamba yampasa, nami nawasihi vijana wetu wasinunue gari bila fundi, hata kwa mzee wa kanisa, na labda hasa kwa mzee wa kanisa. Lakini wajibu wake haufuti wajibu wangu. Mtu akisahau kufunga mlango amefanya uzembe, na anayeingia akachukua redio ni mwizi vile vile.

Hoja ya nne ndiyo ngumu, nami sitaki kuipita kwa haraka. Yasema: mimi nilitapeliwa. Nikisema kweli, nitauza kwa hasara. Kwa nini hasara ikomee kwangu mimi niliye mnyofu, na aliyeanza abaki na faida yake? Hapa nakiri kwamba pana udhalimu wa kweli, wala si haki kumwambia aliyedhulumiwa kwamba hana la kulalamika. Anayeweza kumfuata aliyemdhulumu na amfuate. Lakini fikirini habari ya noti bandia. Nimepewa sokoni noti bandia ya shilingi elfu kumi bila kujua. Nikiitambua, nimekwisha pata hasara. Nina njia mbili: kuipeleka polisi na hasara ikabaki kwangu, au kumpa muuza nyanya jioni wakati wa giza. Sote twajua ni ipi iliyo mbaya, ingawa noti sikuichapa mimi, na ingawa mimi nami nilidanganywa. Maumivu yangu hayanipi haki ya kumchagulia mtu mwingine maumivu. Noti bandia huzunguka mpaka ifike mkononi mwa mtu ambaye akubali kupoteza, na kama mtu huyo hayupo, itazunguka daima, na kila aliyeishika atasema kwamba si yeye aliyeichapa.

Tena uongo wa gari wazidi ule wa noti kwa jambo moja. Noti bandia humwibia mtu fedha, basi. Namba ya uongo kwenye dashibodi humdanganya mtu juu ya siku zijazo. Kwa namba ile mwenye gari apanga lini abadilishe mkanda, lini amwage oili ya gea boksi, na kama gari laweza kumfikisha mgonjwa Mbeya. Mimi nilidhani nauza kilometa elfu ishirini na nne ambazo zilikwisha pita, nisijue kwamba nimeuza usiku mmoja wa baridi barabarani, wa mama wa mtu.

Sasa nimrudie kijana wetu, maana yeye si mwuzaji, yeye ni mtunzaji na mgeuzaji. Magari haya hayabaki kama yalivyotoka kiwandani. Huyu hunyanyua springi kwa sababu ya njia mbovu za vijijini. Yule hubadilisha injini nzima. Wa tatu huweka taa zinazowapofusha wenzake. Watu wengine husema kwamba kugeuza ni kuharibu kazi ya aliyetengeneza. Sikubaliani nao. Aliyelitengeneza gari alifikiria barabara za kwao, hakuijua njia ya kwenda Kilolo masika. Kulirekebisha lifae mahali lilipo ni akili. Lakini si kila kugeuza ni sawa, na baada ya yaliyonipata nimepata kipimo kimoja ambacho nakitoa kwenu.

Kipimo ni daftari. Nunua daftari la shule, liweke ndani ya gari, na kila unalotenda kwa gari hilo uliandike, tarehe na kilometa, kama yule fundi wa Kijapani na karatasi yake. Umenyanyua springi, andika. Umeweka injini nyingine, andika, na kadi ya gari irekebishwe pia, maana namba ya injini imo humo. Halafu, kabla hujatenda jambo, jiulize kama ungekubali kuliandika mahali ambapo atakayenunua atalisoma. Kama mkono wakataa kuandika, jambo hilo liache.

Tukijaribu kwa kipimo hiki tutaona. Wengi hapa kwetu hutoa themostati, kile kidude kinachozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate joto, kwa sababu gari lachemsha. Lakini kwa kawaida aliyekosa ni rejeta iliyoziba au feni isiyozunguka, naye themostati ameondolewa kama mjumbe aliyeleta habari mbaya. Injini hufanya kazi ikiwa baridi, petroli huliwa zaidi, hasa katika baridi ya Mbeya na Makete, na ugonjwa wenyewe hubaki. Wako waliotoa balbu ya taa ya onyo kwenye dashibodi ili isiwake. Nani angeandika hayo katika daftari? "Leo nimezima taa iliyokuwa ikinionya." Hata mtoto angecheka.

Tazama na habari ya masega, yale yaliyomo katika bomba la moshi. Kazi yake ni kuusafisha moshi kabla haujatoka. Ndani yake mna madini ya thamani kubwa, platinamu na mengineyo, nayo hununuliwa. Kuna mwenye gari huambiwa masega yameziba, yatolewe, naye hulipa ufundi, na hajui kwamba kilichotolewa kimeuzwa kwa fedha nyingi kuliko alizolipa. Na kuna anayejua, akayauza mwenyewe, akisema gari sasa lina nguvu. Lakini moshi ule haurudi kwa mwenye gari. Huenda kwa mtoto atembeaye nyuma kando ya barabara na ndoo ya maji kichwani. Yeye hana daftari la kusoma, wala hakuulizwa. Kwa ajili yake kipimo changu chahitaji nyongeza: jiulize kama ungeweza kumwambia huyo naye.

Mimi naamini mafundi wetu wengi ni watu waaminifu. Ni fundi kijana aliyeniita akanionyesha karatasi, ambayo angeweza kuikalia kimya. Na fundi mwingine, asiyejulikana kwangu, katika gereji fulani ya Japani mwezi wa Septemba 2003, aliandika namba tatu kwa kalamu kwa ajili ya mtu ambaye hatamwona kamwe. Mara nyingi namfikiria mtu huyo. Hakujua kwamba gari lingevuka bahari, wala kwamba kazi yake ingesomwa Mbeya. Alisema kweli kwa mtu ajaye baada yake, akafunga boneti, akaenda zake. Nami, mwalimu, niliyefundisha watoto miaka zaidi ya thelathini wasiseme uongo, nililipa fedha ili neno lake lisuguliwe kwa sabuni.

Basi, kijana wangu, jibu langu la Jumapili ile nalirudisha, na hili ndilo jipya. Lipende gari lako. Lipende hasa pale pasipoonekana, kwenye breki na mkanda na bushi, kabla ya rimu. Usilinyime lile linalodai, wala usiwanyime wa nyumbani mwako kwa ajili yake. Na kama huwezi yote mawili, liuze mapema. Na siku utakapoliuza, mkabidhi mnunuzi funguo, kadi na daftari, vyote vitatu. Ukipata hasara kwa kusema kweli, usidhani umeshindwa. Uongo uliokuwa ukitembea kutoka mkono hata mkono umefika kwako, na hapo umekoma.

Yule mwalimu wa Mafinga bado analo gari lile. Mwaka jana nilikutana naye stendi ya Ipogolo. Akafungua boneti bila kuulizwa, akanionyesha karatasi ndogo aliyoibandika mahali pale pale ilipokuwa ile ya kwanza, imeandikwa kwa mwandiko wa mwalimu: tarehe, na kilometa, na chini yake maneno haya, "Ongeza 24,480 au zaidi." Hakusema neno. Nilimshukuru, naye akaenda zake Mafinga.